Kichujio cha Salamu

Saa tatu asubuhi Ulimi ulianza kazi, na Vuai Pandu akaketi mbele yake na chai ya mdalasini, kama mtu anayetazama mpira wa timu ambayo haijawahi kufungwa.

"Mjumbe wa Ghuba anatutaka tuikubali Njia ya Maji," Ulimi ulisema, kwa sauti ya Vuai mwenyewe. "Anasema watu wana kiu. Nani amebisha kwamba wana kiu? Lakini aliyewafungia bomba ndiye huyo huyo anayetaka kuwapa kikombe, na kabla hawajanywa asimame mlangoni awapekue mifuko. Leo tukiita hiyo huruma, kesho kila bandari duniani itakuwa na mpekuzi wake. Yetu haitasahauliwa."

Mwanga wa kijani ulipanda ukutani. Mizani, mashine ya kupima hoja, ilikuwa imeipokea hii na kuiona nzito.

Ulimi ulikuwa kifaa chembamba, mviringo, mfano wa kisahani cha kikombe, kimebandikwa ukutani juu kabisa ya Mnara wa Fumba. Haukuwa na mdomo wala uso. Ulikuwa na sauti ya Vuai, hasira za Vuai, na kumbukumbu ya kila kitabu alichowahi kukisoma pamoja na vingine vingi ambavyo hakuvisoma. Yeye alilala, Ulimi ukabishana. Alikwenda kuoga, akarudi, akakuta umemshinda mtu. Kitu kimoja tu hakuuachia, nacho ni mashairi. Hayo aliyatunga mwenyewe kwa kidole kwenye meza, akihesabu mizani kama alivyojifunza peke yake utotoni Makunduchi, bila mwalimu. Mishororo yake miwili ya mwisho ilikuwa imeenea nchi nzima, na watoto waliisema wakiruka kamba:

*Njia ya kupekuliwa, si njia ni kifungoni,*
*Heri kiu kuzidiwa, kuliko maji ya deni.*

Vita vya Iran vilikuwa katika mwaka wake wa pili. Muungano wa mataifa ulikuwa umezizingira bandari za kusini, na mitambo ya kusafishia maji ya chumvi ilikuwa imepigwa. Ndipo Baraza la Dunia likaletewa pendekezo: meli zipite mpaka Bandar Abbas na maji na dawa, zirudi na majeruhi, lakini kila meli na kila majeruhi apekuliwe na askari wa Muungano. Hiyo ndiyo Njia ya Maji. Dunia iligawanyika katikati, kiasi kwamba kura ya nchi ndogo ilikuwa na uzito sawa na ya nchi kubwa.

Kura ya nchi hii iliamuliwa katika Ukumbi. Huko mtandaoni raia yeyote, alipo popote, aliingia na hoja yake. Mizani ikazipima hoja, na upande uliokuwa mzito mwisho wa mjadala ndio uliokwenda kusemwa na balozi mbele ya Baraza. Kelele zilikuwa nyingi. Kuna waliosema Iran ilivuna ilichopanda, iachwe. Kuna waliosema aliyepigwa leo ni Iran na kesho ni sisi. Kuna waliolalamikia bei ya mafuta, ingawa hapakuwa na mtu aliyechoma mafuta tena tangu babu zao. Na alikuwepo Vuai, na Ulimi wake, uliosema kwamba taifa lililoonewa halikubali kupekuliwa kwa sababu ya ndoo ya maji.

Aliyempinga kwa muda mrefu kuliko wote alijiita Mjumbe wa Ghuba. Jina lake halisi halikujulikana, wala sauti yake. Ukumbi ulikuwa na pazia la sauti, lililofanya wote wasikike sawa ili pasiwe na kupendeleana. Ni Vuai peke yake aliyefahamika, kwa sababu ya shairi.

"Umewahi kushikwa na kiu wewe?" Mjumbe wa Ghuba aliuliza asubuhi ile. "Si kiu ya Ramadhani, ambayo unajua jua likizama utakunywa. Nakuuliza kiu."

"Kibaraka naye huona kiu," Ulimi ulijibu. "Tofauti ni kwamba yeye huuza bandari ili anywe."

Mwanga ukapanda tena. Vuai akatabasamu na kumalizia chai yake.

Kilichoufanya Ulimi uwe mwepesi hivyo kilikuwa kichujio, na kichujio kilikuwa kazi ya mikono ya Vuai. Kabla yake Ukumbi ulikaribia kufa. Mashine zilizonunuliwa ng'ambo hazikujua la kufanya na watu wa huku. Mtu alipewa dakika chache aeleze msimamo wake kuhusu mzingiro, naye akazimaliza kwa kuuliza hali ya mpinzani wake, ya nyumbani kwake, ya wagonjwa, na kama mvua imenyesha. Mpinzani akarudisha zote na kuongeza zake. Mizani ikapima habari za mvua kama hoja, ikachanganyikiwa. Wataalamu wa nje waliokuja kuitengeneza walicheka mpaka wakashika mbavu. Vuai, kijana wa miaka ishirini na minne wakati huo, alikuwa amesimama chumba kile kile, na aliona aibu. Aibu kwake ilikuwa moto. Alijifungia, akatengeneza kifaa kilichosikiliza maneno ya mtu, kikatambua mahali salamu zinapoishia na hoja inapoanza, kikakata hapo. Sehemu iliyokatwa aliipa jina la povu.

"Toeni povu tunywe chai," aliiambia kamati, na kamati ikapiga makofi.

Tangu siku hiyo hapakuwa na salamu katika Ukumbi. Mtu aliweza kusalimia akitaka, ila salamu hazikufika.

*

Njia ya Maji ilikataliwa. Balozi alisimama mbele ya Baraza la Dunia, akasema hapana kwa niaba ya nchi, na akamalizia kwa mishororo ya Vuai. Pendekezo likaanguka kwa kura chache sana.

Pongezi zilimiminika. Vuai alizisoma akiwa amesimama dirishani, na baada ya kitambo aligundua kwamba zote zilikuwa za umbo moja: hongera, hoja nzito, shairi zito. Hapakuwa na iliyouliza kama amekula. Chini kabisa, njia za Fumba zilikuwa nyeupe na tupu. Mashine za kufagia zilipishana bila kugusana. Iliyosafisha sakafu yake ilipita karibu na mguu wake ikasema hongera, kwa sababu ilikuwa imeunganishwa na habari.

Alikumbuka kiangazi kilichopita. Mama yake, Bi Mwanakhamis, alifariki Makunduchi. Vuai alikwenda kwa treni ya sumaku, akamzika adhuhuri, na alasiri alikuwa amerudi mezani kwake kwa sababu mjadala ulikuwa moto. Alitaja msiba ule mara moja katika Ukumbi. Kati ya maelfu waliomfuata, hakusikia mtu mmoja aliyesema pole. Alijiambia ndivyo watu walivyo, akaendelea.

Mada mpya ilifunguliwa, kuhusu kodi ya mwani. Ulimi ukawashinda wote kabla chai haijapoa. Vuai hakuona raha. Aligundua kwamba alikuwa akimngoja Mjumbe wa Ghuba aje akasirike, na Mjumbe hakuja.

Basi akashuka kwenda Hifadhi, ambako kumbukumbu za Ukumbi zilikaa. Ilikuwa chumba cha baridi chini ya mnara, na mtu pekee aliyefanya kazi mle alikuwa Salhiya, fundi aliyevaa sweta na ushungi wa sufu mwaka mzima.

"Karibu, bingwa," Salhiya alisema. "Umefuata kombe lako?"

"Namuulizia mtu."

"Mtu? Bidhaa hiyo huku kwetu adimu."

"Mjumbe wa Ghuba. Amenyamaza tangu kura ipigwe. Nataka nimfungulie mjadala upya."

"Umeshamlaza chini. Unataka umwinue umpige tena?"

Vuai hakucheka. "Wale wengine hawana ladha. Ukiwapiga wanarudi na hoja ile ile wameivika kofia. Yeye alikuwa akikasirika."

Salhiya alimtazama, kisha akageukia kioo chake na kutafuta. Alichukua muda. "Unajua kwa nini hawana ladha? Ni Ndimi, kama wako. Wenyewe wamelala, au wamesahau kama waliziwasha. Wanaokupinga mashine, wanaokushangilia mashine. Huyu ndiye aliyekuwa mtu. Hana Ulimi. Anasema kwa mdomo wake, kwenye simu, na laini yake mbovu. Iko huko huko Bandar Abbas."

"Haiwezekani. Laini za kule zimekatwa tangu mwaka wa kwanza."

"Simu za kawaida ndizo zilizokatwa. Raia aliye nje kaachiwa mlango wa Ukumbi tu. Akitaka kusikika na watu wa kwao, lazima aje kubishana na wewe."

Vuai alikaa kwenye sanduku la vyuma. "Anaitwa nani?"

"Ukumbi hauweki majina, si mnajua wenyewe mlioupanga? Lakini watu wa kwetu hujitaja wanaposalimia." Akakigeuza kioo kumwelekea Vuai. "Hilo litakuwa kwenye povu. Hujawahi kulisikiliza povu lako?"

"La nini?"

"Mimi hulisikiliza. Nikiwa peke yangu humu. Pana watu wema mle ndani, Vuai. Wanajuliana hali na hakuna anayewaitikia." Aliunyosha ushungi wake. "Bibi yangu ukimuuliza hali husema salama. Ungoje. Ndiyo akuambie kalazwa. Kichujio chako kinakata hapo kwenye salama."

Akampa kisikizio, akaondoka kwenda kuchemsha maji, ingawa birika lilikuwa limejaa.

Katika povu hapakuwa na pazia. Sauti ilikuwa ya mwanamke, na kwa neno la kwanza tu Vuai aliitambua lafudhi ya Makunduchi, ile ambayo yeye mwenyewe aliifuta mdomoni mwake alipokuja mjini.

"Assalaam aleikum, Vuai. U hali gani? Wa kwenu hawajambo? Mimi Kazija, wa kwa Mzee Mcha, nyumba ya pili kutoka kwenu. Wamenambia mwenye shairi la kiu ni Vuai wa Bi Mwanakhamis, nimecheka peke yangu wadini. Mtoto aliyekuwa akilia akikatwa kucha, leo anapigana na dunia. Sisi huku salama. Ila umeme wa kuvizia. Haya, sasa nikwambie kuhusu hizo meli..."

Mkato. Hapo ndipo hoja ilipoanza, na hoja aliijua. Ulimi ulikuwa umeivunja.

Alimkumbuka. Msichana mkubwa kwake kwa miaka michache, mrefu, aliyekwenda kusomea uuguzi na baadaye akachukua mkataba wa kazi Iran, zama za amani. Siku ya kuondoka kwake nyumba zote mbili zilipika.

"Assalaam aleikum. Naona jana hukuniitikia. Si neno, una mambo mengi. Salama sisi. Ila wadi ya watoto tumeihamishia chini, ghorofani hakukaliki tena. Wazima, lakini. Mmoja ananiita dada kwa Kiswahili, nimemfunza. Sasa..."

Mkato.

"Assalaam aleikum, Vuai. Leo sikuja kubishana. Nimesikia umefiwa. Pole sana, ndugu yangu, pole. Innaa lillahi. Yule ndiye aliyenifunza kusuka ukili, na nilipokosea alinifumua kazi nzima akacheka. Najua uko peke yako huko mjini. Umekula? Usikae na njaa kwa sababu ya majonzi. Najua hawatanipa muda kama sina la kusema, basi acha niseme lolote kuhusu mzingiro..."

Mkato.

Vuai alikivua kisikizio. Alikumbuka hoja ya siku ile: ilikuwa dhaifu ajabu, na Ulimi uliitupa chini kwa sentensi moja, na yeye akaona haya kwa niaba ya mpinzani wake. Alikivaa tena.

Zilikuwa nyingi. Katika zote Kazija alikuwa salama. Salama, ila kuna harufu. Salama, ila wanagawa maji kwa vifuniko vya chupa. Salama, ila yule aliyekuwa akimwita dada hamwiti tena. Mara moja alisema kwamba wakubwa wa vita, wa upande huu na wa upande ule, hakuna aliyewahi kufika wadini kwake, na wote walisemea wadi yake. Na mara nyingi alisema kwamba hakuitikiwa, si neno.

Ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ile ya Ulimi na chai ya mdalasini.

"Assalaam aleikum, Vuai. Salama. Naona sherehe za Mwaka Kogwa zinakaribia huko. Ningekuwepo ningekuchapa gomba moja la mgomba mgongoni kwa hizi hoja zako, kisha tule. Sikiliza, nina ombi. Mama yangu yuko peke yake tangu baba atangulie. Nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka ina nuksi, nawe unajua anavyoingiwa na wahaka. Ukipata nafasi mpitie. Mwambie Kazija salama. Ila, hili la kwako wewe, maji ya wadi yamekwisha jana. Nimewaambia watoto meli inakuja. Sasa nikuulize jambo, na unijibu kama mtu. Umewahi kushikwa na kiu..."

*

Alipanda juu. Akauzima Ulimi kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu auwashe, na chumba kikawa kimya mpaka akasikia maji yakipita kwenye bomba la ukutani.

Akafungua Ukumbi na kusema kwa mdomo wake. "Waaleikum salaam, Kazija. Ni mimi Vuai. U hali gani? Wadi haijambo? Nimekusikia. Nimekusikia zote."

Maandishi yalijitokeza mara moja kwenye kioo, safi na ya adabu, kama alivyoyaandika mwenyewe miaka ile: *Hakuna hoja. Ujumbe haukupelekwa.*

Akarudia, mara hii akaiunganisha na hoja. Alisema Njia ya Maji irudishwe, apekue anayetaka kupekua, watoto wanywe. Mizani ilijibu kwamba mada imefungwa mpaka kikao kijacho cha Baraza, na ikamshauri asome mishororo miwili mashuhuri juu ya suala hilo. Ikamwekea kwenye kioo.

Aliiandikia kamati iondoe kichujio. Kamati nayo ilikuwa na Ulimi wake, uliomjibu kwa upole na kumnukulia maneno yake kuhusu chai na povu.

Siku ya Mwaka Kogwa alipanda treni kwenda Makunduchi. Uwanjani vijana walikuwa wakichapana kwa magomba, wa upande wa kaskazini na wa kusini, na hasira zote za mwaka zikimwagwa pale ili kusiwe na atakayelala nazo. Kibanda cha makuti kilikuwa kimeshachomwa, kama desturi. Moshi wake ulikwenda juu ya paa za kukusanyia jua. Wanawake waliimba. Watu waliomtambua walimpigia kelele: "Bwana Shairi, njoo uchapwe." Mmoja akamrushia gomba miguuni. Vuai aliliokota, akalirudisha, akapita.

Nyumba ya Mzee Mcha ilikuwa imepakwa chokaa upya. Mlango ulikuwa wazi, mkeka umetandikwa, sahani mbili zimewekwa na kufunikwa kawa. Bi Mize, mama yake Kazija, alikaa kizingitini akitazama njia.

"Hodi hapa. Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Ni Vuai huyu? Karibu, karibu ndani. Mwaka huu nilishasema nakula na kuku." Alimshika mkono, akamvuta mkekani. "U hali gani?"

"Sijambo."

"Hujambo kweli? Na huko mjini?"

"Salama."

"Na kazi?"

"Salama, Bi Mize."

"Mama yako, Mungu amrehemu. Nilikuja matangani, ulikuwa umeshaondoka." Alifunua kawa. Wali, samaki wa kupaka, na mtungi wa maji pembeni umefunikwa kata. Akachota, akampa yeye kwanza. "Kunywa, umetembea juani."

Vuai aliipokea kata ikiwa imejaa pomoni. Aliishika kwa mikono miwili. Hakunywa.

"Nimemsikia Kazija," alisema.

Bi Mize aliweka mkono kifuani, taratibu, kama anayetuliza kitu. "Umemsikia mwanangu? Sauti yake?"

"Sauti yake. Aliniomba nije. Akasema nikwambie yeye salama."

"Alhamdulillah."

Nje nyimbo zilikuwa zimefika kwenye kona ya nyumba, kisha zikapita. Vuai alitazama maji. Aliombwa aseme salama, na ameshasema, na kazi yake maisha yote ilikuwa kukata hapo. Hakuna mashine wala mtu duniani aliyekuwa amebaki wa kumdai zaidi ya hilo.

Lakini Bi Mize hakuwa amegeukia chakula. Alikuwa amekaa vile vile, uso umemwelekea, ametulia kama wanavyotulia wazee wa kwao baada ya neno lile, kwa sababu hakuwahi kumwona binadamu aliyesema salama akaishia hapo.

Alingoja. Vuai akaiweka kata chini.

"Ila?" Bi Mize aliuliza kwa sauti ndogo. "Sema, mwanangu. Mimi nina nafasi."